Dorka Owuor, Aliyetuchagulia Mafundi

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Bi. Dorka Owuor anakabidhi funguo za karakana ya vifaa ya hospitali yetu na kustaafu utumishi. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1991. Ni miaka thelathini na mitatu kasoro siku chache, na katika miaka hiyo hakuna wodi, maabara wala chumba cha upasuaji ambacho hakikuwahi kumwita kwa haraka.

Mhariri wa jarida letu aliniomba kurasa mbili za kuchangamsha. Nimejitahidi, lakini kazi ya Mama Akello, kama wengi wetu tunavyomwita kwa jina la binti yake, haikuwa ya kuchangamsha tu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto tangu mwaka 2009, na sehemu ya habari hii ilipita mikononi mwangu. Nilimwendea nikamwomba ruhusa ya kuiandika. Akanijibu, "Andika, Esta. Ukiiacha hiyo, utakuwa umeandika habari za mtu mwingine."

Alizaliwa Sirari mwaka 1964. Baba yake, mzee Owuor, alikuwa fundi redio mwenye wateja wa pande zote mbili za mpaka, na ndugu zao wengi hadi leo wako Kenya. Ndiyo maana Mama Akello hakuwahi kusema umeme umekatika. Alisema stima imepotea, na wauguzi wageni walianza kuuliza ni nani aliyeiona mara ya mwisho. Kwa baba yake alijifunza kushika chuma cha kulehemu kabla hajajua kusuka ukili, na alipoolewa na mwalimu Odoyo wa Nyansurura alikuja na kisanduku cha bisibisi katikati ya vyombo vya jikoni. Mama mkwe wake, alisema, alidhani ni vijiko.

Hospitali ilimwajiri kwa kazi mbili tu: kutunza redio ya upepo iliyotuunganisha na Musoma, na lile friji la chanjo lililotumia mafuta ya taa. Mengine aliyakuta njiani. Waliokuwepo wanakumbuka mashine ya kufyonza makohozi ambayo daktari mmoja wa wakati ule alizoea kuipiga kibao kila ilipogoma. Mama Akello hakubishana na daktari. Alibandika karatasi juu ya mashine, kwa herufi kubwa: USINIPIGE, NINA FUNDI. Karatasi ile ilikaa miaka sita. Mashine nayo ilikaa kumi na moja.

Mwaka 2003 alipelekwa kwenye mafunzo ya mwaka mmoja ya vifaa tiba, akarudi na cheti na tabia ya kuuliza maswali. Chumba kimoja cha stoo alichopewa kikawa karakana. Leo karakana hiyo ina vyumba vitatu.

Sasa nifike kwenye mwaka 2013.

Mwaka huo mashine mbili za oksijeni za wodi ya watoto ziliharibika ndani ya mwezi mmoja. Ni zile zinazovuta hewa ya kawaida, kuichuja, na kumpa mgonjwa oksijeni kwa mpira mwembamba wa puani. Mama Akello alijua kutengeneza vitu vingi, ila hizo hakuwa amefundishwa. Ilibidi zipelekwe kwa fundi wa nje, na uongozi ukamtuma yeye akachague.

Alitembelea karakana tatu jijini. Ile aliyoichagua, ambayo sitaitaja, ilikuwa na mlango wa kioo, mafundi waliovaa makoti meupe, vyeti vinne ukutani ndani ya fremu, na dada wa mapokezi aliyemkaribisha soda. Mashine zilirudi baada ya wiki tatu zimefutwa vumbi hadi zinang'aa, zina stika mpya ubavuni na karatasi yenye mhuri. Aliziwasha. Taa za kijani zikawaka, maji ya kwenye chupa yakatoa mapovu. Akasaini kuzipokea.

Siku ya tisa tangu mashine zirudi tulimpokea mtoto Ghati, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi saba. Mama yake, Beatrice, alikuwa ametoka Kerende kumtembelea dada yake Nyansurura, jirani na hospitali yetu, na mtoto akashikwa na nimonia akiwa ugenini. Walifika saa mbili asubuhi. Nilikuwa zamu. Nilimwekea Ghati mpira puani, nikawasha mashine, nikaona mapovu. Kipimo cha kidoleni, kinachosoma oksijeni ya damu, kilionyesha themanini na moja, chini sana. Nikasubiri kipimo kipande juu. Hakikupanda. Nikaongeza mtiririko. Daktari akaja, tukaongeza dawa, tukasema ugonjwa ni mkali, mapafu yamejaa. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo chumba cha upasuaji, hatua hamsini kutoka pale. Hakuna aliyeufuata, kwa kuwa mashine ilikuwa inafanya kazi. Mapovu tuliyaona wote.

Ghati alifariki saa tano na nusu asubuhi ile.

Mchana nilikwenda karakana kumwambia Mama Akello kwamba sikuelewa. Sikumlaumu, sikujua kama kuna wa kulaumiwa. Aliniuliza kipimo kilisomaje kabla ya mashine na baada ya mashine. Nikamwambia kilisoma vilevile. Akachukua bisibisi, akaenda wodini, akaihamisha mashine hadi chumba cha kubadilishia nguo na kuifungua sakafuni.

Ndani kulikuwa na vumbi lilelile lililokwenda nalo jijini. Chembe nyeupe zinazochuja hewa zilikuwa zimekufa, zimegeuka rangi. Kengele ya kutoa tahadhari, ile ambayo ingelia kutuambia oksijeni haitoshi, waya wake ulikuwa umekatwa kwa koleo, mkato safi. Siku tatu baadaye aliazima kipima oksijeni hospitali ya jirani. Mashine nzima hutoa asilimia tisini na zaidi. Hii ilitoa ishirini na nne. Hewa tunayovuta sote hapa nje ni ishirini na moja.

Daktari alisema hakuna anayeweza kuapa kwamba Ghati angepona. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba hakuna anayeweza kuapa kwamba asingepona.

Uongozi uliandika barua zake na kuwaita wahusika. Simu ya ile karakana ilipokewa mara mbili, baadaye haikupokewa tena. Lakini Mama Akello hakusubiri majibu. Alisema anakwenda Kerende kumweleza mama wa mtoto. Baadhi yetu tulimshauri asiende, nami nilikuwa mmoja wao. Aliposhika njia nikaenda naye, kwa sababu kubaki nako kulinishinda.

Tulibadilisha gari mara mbili. Tulipofika, nyumbani kwa Beatrice walikuwa wanapura mahindi. Mzee wa mji, baba mkwe wake, Machage, alituletea viti mwenyewe. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, akasubiri. Mama Akello alieleza yote, tangu kuchagua karakana hadi waya uliokatwa. Hakusema hospitali. Alisema, "Niliwachagua mimi. Na niliyesaini ni mimi." Bibi wa mtoto hakusikia Kiswahili, kwa hiyo mzee Machage alikuwa akitafsiri kwa Kikurya, sentensi kwa sentensi. Tulilazimika kuisikia habari ile mara mbili.

Beatrice alikuwa amekaa chini, mikono bado ina makapi. Hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Uliwaonaje, mpaka ukasema hawa ndio?"

"Nilitazama mlango wao," Mama Akello akasema. "Na vyeti vyao."

"Basi?"

"Basi."

Beatrice akainuka, akaingia ndani, na hakutoka tena. Mzee Machage alitusindikiza hadi barabarani. Pale akasema, "Hamkutuficha. Nitamwambia hilo siku atakapoweza kulisikia. Leo hawezi." Sijui kama siku hiyo ilifika. Hatukumwona Beatrice tena.

Wanaojiunga nasi siku hizi hushangaa kuona mwanamke mpole kiasi hiki anavyowabana mafundi wa nje. Sasa wanajua. Tangu aliporudi kutoka Kerende, Mama Akello hakumpa mtu mashine kabla ya kumkalia. Alikwenda na kiti chake cha kukunja, akaketi kando ya meza ya fundi na kutazama kifaa kinavyofunguliwa. Wapo waliomwambia wateja hawaruhusiwi kuingia ndani. Aliwashukuru, akabeba mashine yake, akaondoka. Kila kipuri kilichobadilishwa alitaka kile cha zamani kirudishwe mkononi mwake, kimefungwa kwenye karatasi. Alipopiga simu hospitali nyingine kuulizia fundi, hakuuliza kama ni mzuri, maana alisema kila mtu hujibu ndiyo ili simu iishe. Aliuliza, "Kifaa kilipoharibika mara ya pili, alifanya nini?" Hapo ndipo watu waliposimulia.

Na alikuwa na swali lake kwa fundi mwenyewe: "Kitu gani hukiwezi?" Wengi walisema hakuna. Hao hakuwarudia.

Kuna wakala mmoja alikuja na tai, begi la ngozi na vitabu vya picha, akatueleza kwa saa nzima jinsi kampuni yake inavyohudumia vifaa vya kila aina. Mama Akello alimsikiliza hadi mwisho, akamsogezea mashine ya kupima shinikizo la damu na kumwomba afungue skrubu moja tu. Wakala akapapasa mifuko yote. Hakuwa na bisibisi. Mama Akello akamwazima yake, na yule bwana akaitazama kama mtu aliyepewa mwana wa mwenzake ambebe. Aliagwa kwa chai na maandazi.

Mwaka 2014 alisikia habari za Lukmani, fundi wa televisheni na vipaza sauti mwenye kibanda kidogo karibu na soko la Tarime. Baba yake alikuja kutoka Tanga na kazi hiyohiyo. Kibao cha dukani kilikuwa kimekatika, limebaki neno FUNDI na nusu ya jina. Mama Akello alimpelekea vitu viwili: bodi ya mashine ya kufuatilia hali ya mgonjwa, na moja ya zile mashine za oksijeni. Lukmani alimwamkia, akavigeuza geuza, akanusa bodi, akavirudisha mezani.

"Bodi hii naiweza, nipe siku mbili," akasema. "Hiyo mashine siijui, mama. Nikiifungua nitakudanganya."

Mama Akello alitoka nje, akakaa kwenye benchi la muuza kahawa. Aliniambia alikaa pale muda mrefu, na kwamba muuza kahawa alimuuliza kama amefiwa. Kama mtu mmoja tu jijini angesema maneno hayo mwaka uliotangulia, sisi tungekwenda kuchukua mtungi.

Hata hivyo hakumwamini Lukmani kwa neno moja. Miezi michache baadaye alichukua mashine nzima ya kufyonza, akalegeza waya mmoja kwa makusudi, akaipeleka kwa mafundi watatu mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alisema bodi imekufa. Wa pili alisema bodi imekufa na mota inaelekea huko. Lukmani alimpigia simu siku ileile. "Mama, kuna waya umelegea. Umeulegeza wewe?" Mama Akello alikiri kwa aibu, na anasema hiyo ndiyo siku waliyoanza kuelewana.

Aliuomba uongozi kipima oksijeni mara tatu kwa barua. Kilikuja mwaka 2015. Tangu siku hiyo hakuna mashine ya oksijeni iliyoingia wodini, iwe mpya, ya msaada au iliyotoka kwa fundi, bila kupimwa mbele ya muuguzi wa zamu, na muuguzi akasoma namba kwa sauti. Mwaka uliofuata alifanikisha yeye na Lukmani wakahudhuria pamoja mafunzo ya wiki tatu ya mashine hizo. Yeye alikuwa na miaka hamsini na miwili, mkubwa kuliko wanafunzi wote na hata mwalimu. Walirudi, na mashine ambazo Lukmani alikuwa amekataa kuzifungua zikawa kazi yake.

Mei Mosi ya 2018 Mama Akello alichaguliwa mfanyakazi bora. Zawadi ilikuwa televisheni. Iliharibika baada ya miezi mitatu. Aliitengeneza mwenyewe, halafu akauandikia uongozi barua ya shukrani, na kwenye aya ya mwisho akashauri duka lile lisirudiwe.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu hapo tulicheka. Lakini mwaka 2021, mwezi Agosti, mumewe, mwalimu Odoyo, aliletwa kwetu akiwa anatweta. Alikuwa amestaafu ualimu miaka minne nyuma na alikuwa na shamba zuri la mihogo. Wodi ya wanaume ilijaa wagonjwa wa kifua wiki ile. Alilazwa karibu na dirisha, kwenye mashine ya oksijeni ambayo Lukmani alikuwa ameitengeneza mwezi Juni.

Kila asubuhi Mama Akello alikuja na kipima oksijeni, akapima mashine zote za wodi kwa zamu, akafika kwa mumewe akapima, muuguzi akasoma. Tisini na nne. Alikiweka kipima mfukoni, akavua koti la kazi, ndipo akaketi kitandani kama mke. Siku tano mfululizo. Siku ya tano mchana mwalimu Odoyo alifariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, na mashine bado inatoa tisini na nne.

Tulikwenda Nyansurura kuzika. Nikiwa nasaidia kugawa chakula, dada mmoja alikuja kuniambia kuna mtu amesimama nje ya uzio tangu asubuhi na hataki kuingia. Alikuwa Lukmani. Alikuwa ametoka Tarime na magari ya alfajiri. Nilipomkaribisha alitikisa kichwa. "Mashine ilikuwa yangu, dada," akasema. "Nitaingiaje?"

Nilimpelekea habari Mama Akello pale alipokaa na wajane wenzake. Akaagiza aitwe. Lukmani alikuja, akapiga goti mbali kidogo, na wakwe wote wakawa wanamtazama. Mama Akello akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Lukmani, ilikuwa tisini na nne siku zote tano. Nilipima mwenyewe. Mashine yako haikumpunja kitu. Mwalimu amekwenda kwa sababu nyingine. Kaa, ule."

Lukmani akakaa. Alilia sana, kuliko wengine wetu. Yeye Mama Akello hakulia mbele yetu siku ile, wala wiki mbili baadaye aliporudi kazini. Ila nilimkuta mara moja amesimama wodi ya wanaume karibu na lile dirisha, mikono mitupu, hana kipima wala bisibisi. Nikageuka nikarudi nilikotoka. Hadi leo najiuliza kama nilipaswa kuingia.

Macho yake yamepungua miaka hii miwili. Alianza kuomba tumsomee maandishi madogo ya kwenye bodi, akisingizia taa. Tukakubali kwamba ni taa.

Anayechukua nafasi yake ni Anold, mwenye stashahada ya vifaa tiba na mikono mizuri, naye mwenyewe Mama Akello amekiri hivyo. Wiki iliyopita, wakati wa makabidhiano, Anold alimwomba orodha ya mafundi wa kuaminika ili aibandike ukutani. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka kipima joto kilichoharibika. Mama Akello alikataa.

"Nikikupa majina, utaacha kutazama."

"Hata Lukmani, mama? Mmefanya naye kazi miaka kumi."

"Lukmani niliyemwamini mimi ni wa jana. Kesho anaweza kuchoka. Anaweza kuugua, akaajiri watu, wakafanya haraka. Nenda ukae naye, umtazame. Na mwakani uende tena."

Anold akaandika kitu kwenye daftari lake, akakifuta. Baadaye nilimpigia Lukmani simu kumwalika kwenye hafla ya kumuaga, na kwa kuwa sikupenda asikie kwa wengine, nikamweleza. "Inauma," akasema. "Lakini amesema kweli. Mwambie huyo fundi mpya aje. Nitamwekea kiti."

Bi. Dorka Owuor anarudi Nyansurura, kwenye mihogo ambayo mwalimu aliiacha. Akello, binti yake, ameahidi kuja kutoka Migori na watoto wakati wa likizo.

Mama Akello, kwa niaba ya wauguzi, madaktari, wahudumu na wale wote waliolala katika wodi zetu wakapumua bila kujua ni nani aliyepima hewa yao, asante. Asante kwa kwenda Kerende wakati sisi tulitaka kunyamaza. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha, na asubuhi ambazo simu ya wodi haikuiti. Siku nzito zitakuja, tunajua, na nyingine utazipata ukiwa peke yako katika nyumba iliyokuwa ya watu wawili. Usituambie kwamba hujambo kama moyo umejaa huzuni. Tuite tu, tutakuja.